Boriti Haidanganyiki

Yapo mambo katika maisha ya taifa ambayo huamuliwa kwa kura, yapo yanayoamuliwa kwa mazungumzo, na yapo yanayoweza kungoja kikao kijacho. Uzito juu ya boriti haumo katika makundi hayo. Boriti haisikilizi hotuba, haijui cheo cha aliyetia saini, wala haimwonei haya mgeni rasmi aliyekuja kukata utepe. Ikiwa imejengwa sawasawa itabeba. Ikiwa imejengwa kwa kubahatisha itaanguka, na watakaoangukiwa si wale waliobahatisha.

Neno hili halina budi kusemwa kwa ukali, na halina budi kuwafikia watumishi wa umma na walimu kabla ya watu wengine wote, kwa sababu hao ndio waliokabidhiwa ujenzi wa shule za nchi hii. Tangu Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipoamua kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi, ujenzi wa madarasa umekuwa kazi ya umma mzima. Wananchi wamebeba mawe na mchanga, wamefyatua matofali, na wamechanga kwa hali na mali. Mwaka 2021, kwa sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, Serikali ilianza kujenga madarasa 15,000 kwa mpigo mmoja, na kazi kubwa ikafanyika kwa utaratibu wa Fosi Akaunti, yaani kuwatumia mafundi wa mahali badala ya makandarasi wakubwa. Hayo ni mafanikio, na asiyeyaona hana macho.

Lakini utaratibu huo umemgeuza mwalimu mkuu kuwa msimamizi wa ujenzi. Yeye aliyesomea ufundishaji wa hisabati au historia anajikuta ana kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi, ana lundo la nondo uani, na ana fundi anayemwambia kwa sauti ya uhakika, "Mwalimu, usiwe na wasiwasi, hivi ndivyo tunavyojenga siku zote." Katika sentensi hiyo moja ndimo ilimo hatari nzima. Adui wa ujenzi wa shule si uhaba wa saruji peke yake. Adui mkubwa zaidi ni mazoea yaliyovaa joho la ujuzi.

Wazee waliijua mipaka

Inafaa kuanza na neno lenyewe. Boriti, kwa watu wa pwani, ni mti wa mkoko uliokatwa katika mikoko ya delta ya Rufiji au ya Lamu, ukapakiwa jahazini, na mwingine ukavuka bahari mpaka Ghuba ya Uajemi. Nyumba za mawe za Lamu na za Unguja ziliezekwa kwa boriti hizo: zilipangwa karibu karibu kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake yakamwagwa mawe madogo na chokaa. Atembeleaye nyumba hizo huona kwamba vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Huo haukuwa mtindo wa urembo tu. Huo ndio uliokuwa uwezo wa boriti ya mkoko chini ya dari nzito ya mawe, na mwashi wa zamani hakuthubutu kuuvuka. Mwenye nyumba alipotaka ukumbi mkubwa zaidi aliongeza urefu, hakuongeza upana.

Mwashi yule hakuwa na shahada. Alikuwa na kitu kingine: heshima kwa mpaka. Saruji na chuma vilipokuja viliuvunja mpaka ule wa mita tatu. Leo boriti ya zege inaweza kuvuka mita sita au nane pasipo nguzo katikati. Basi jambo la kuuliza ni hili: mpaka wa zamani umevunjwa, je, kilichowekwa mahali pake ni nini? Mahali pake palipaswa kuwekwa hesabu. Katika maeneo mengi ya ujenzi pamewekwa jicho la fundi.

Juu hugandamizwa, chini huvutwa

Hesabu hiyo si uchawi wala si mali ya Wazungu. Mwalimu yeyote anaweza kuionyesha darasani kwa rula. Rula ikilazwa kibapa juu ya vitabu viwili na kubonyezwa katikati, hupinda. Rula ile ile ikisimamishwa kwa ubavu, haipindi kwa urahisi. Mbao ya milimita 50 kwa 150 iliyosimamishwa kwa ubavu huwa na nguvu mara tatu ya mbao hiyo hiyo iliyolazwa, ingawa mbao haikuongezeka hata chembe. Kimo cha boriti kina thamani kuliko upana wake, kwa kuwa nguvu ya kuhimili kupinda huongezeka kwa kipeo cha pili cha kimo.

Boriti iliyoegemea kuta mbili inapolemewa, sehemu yake ya juu hugandamizwa na sehemu yake ya chini huvutwa. Zege hustahimili sana kugandamizwa, lakini likivutwa ni dhaifu mno: uwezo wake wa kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi tu ya uwezo wake wa kugandamizwa. Ndiyo sababu huwekwa nondo, na ndiyo sababu nondo hizo zinatakiwa ziwe mahali panapovutwa. Kwa boriti ya kawaida mahali hapo ni chini. Kwa baraza linaloning'inia nje ya ukuta bila nguzo mahali hapo ni juu. Kwa boriti inayopita juu ya nguzo nyingi ni chini katikati ya nguzo, na juu pale inapokanyaga nguzo.

Nondo iliyowekwa upande usiohusika haifanyi kazi iliyonunuliwa kuifanya. Mwananchi amelipa, gari limeleta, fundi amefunga, na bado ni sawa na kwamba haipo. Mara nyingine upotovu huo huja kwa uzembe mdogo sana. Nondo za juu za baraza hufungwa vizuri asubuhi. Mchana vibarua hupita juu yake na makarai ya zege wakizikanyaga mpaka zinalala katikati ya unene. Baraza la unene wa milimita 150 ambalo nondo zake zilitakiwa kuwa milimita 120 kutoka chini, zikishuka hadi milimita 60, limepoteza nusu ya nguvu zake au zaidi kabla halijakauka. Hakuna aliyeiba chochote. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini baraza hilo ni mtego.

Hata Galileo alikosea

Wapo watakaosema kwamba fundi mwenye miaka thelathini ya kazi haambiwi kitu. Uzoefu ni hazina, na hakuna mhandisi mwenye akili anayeudharau. Lakini uzoefu una mahali pake, na historia ya jambo hili inaonyesha wazi kwamba jicho, hata liwe la mtu mkubwa kiasi gani, halitoshi.

Galileo, mmoja wa wanasayansi wakubwa kupata kutokea duniani, alichapisha mwaka 1638 maelezo yake juu ya boriti iliyochomekwa ukutani na kutundikwa mzigo kwenye ncha. Alidhani kwamba boriti nzima, kutoka juu hadi chini, huvutwa. Hakuona kwamba upande wa chini wa boriti ya namna hiyo hugandamizwa. Kwa kosa hilo hesabu yake iliipa boriti nguvu mara tatu ya ile inayotoka katika hesabu sahihi. Ilichukua karibu miaka 200, kupitia kazi za Mariotte, Parent na Coulomb, mpaka Navier alipoiweka hesabu hiyo katika umbo linalofundishwa vyuoni, mwaka 1826. Ikiwa Galileo alikosea mara tatu, fundi wa mtaa anayekadiria kwa jicho anapewa wapi uhakika wake?

Adui asiyepiga hodi

Hata hivyo, kupinda ni adui mwenye adabu. Boriti iliyopungukiwa na nondo za chini, ikiwa mambo mengine yamekwenda sawa, hutoa taarifa: hulegea, hupasuka nyufa nyembamba za wima katikati yake, milango hukwama, na wenye macho hupata nafasi ya kutoka. Yuko adui wa pili asiyepiga hodi. Huyo ni nguvu ya kukata.

Nguvu hii ni kubwa zaidi karibu na maegemeo, pale boriti inapokabidhi mzigo wake kwa ukuta au nguzo. Mwalimu anaweza kuionyesha kwa daftari nene: likikunjwa, kurasa zake huteleza moja juu ya nyingine. Ndani ya boriti kuna mteremko huo huo unaotaka kutokea, nao huzuiwa tu na nguvu ya kitu chenyewe. Mhandisi wa Kirusi, Zhuravsky, aliutambua wakati wa ujenzi wa madaraja ya mbao ya reli ya kutoka St. Petersburg hadi Moscow, katikati ya karne ya 19, kwa kuwa mbao ni dhaifu kwa upande wa kuteleza kufuata nyuzi zake.

Katika zege, nguvu ya kukata na nguvu ya kupinda huungana na kuleta mvuto wa mshazari. Ufa huanza karibu na egemeo, hupanda kwa mwinamo wa nyuzi 45 hivi, na kama hapana kitu cha kuushika, boriti hukatika kwa ghafla. Kazi ya kuushika ufa huo ni ya zile ringi za nondo nyembamba zinazozunguka nondo kubwa. Mafundi wengi huamini kwamba ringi ni kamba tu ya kuzishikilia nondo zisitawanyike wakati wa kumwaga zege. Hiyo ni imani potofu, na ni imani inayoua.

Ushahidi wake umeandikwa kwa damu na kwa hasara katika nchi ambazo hazina uhaba wa wahandisi. Mwezi Agosti 1955, sehemu ya paa la ghala la jeshi la anga la Marekani, huko Shelby katika jimbo la Ohio, ilianguka. Hapakuwa na dhoruba, wala mzigo uliowekwa juu yake. Boriti zake zilikatika kwa uzito wa paa lenyewe, mahali ambapo hapakuwa na ringi. Wamarekani walilazimika kufanya utafiti mpya na kuzibadili kanuni zao. Mwaka 1991 huko Norway, chombo kikubwa cha zege cha kuchimbia mafuta, Sleipner A, kilipasuka na kuzama kwa sababu nguvu ya kukata katika kuta zake ilikadiriwa pungufu kwa karibu nusu. Mwaka 2006 huko Laval, nchini Kanada, daraja lililojengwa mwaka 1970 lilikatika na kuwaua watu 5. Tume iliyochunguza ilikuta nondo zilizowekwa mahali pasipo pake, zege hafifu, na unene mkubwa wa zege usio na ringi hata moja za kuzuia kukata. Daraja lile lilisimama miaka 36. Muda mfupi kabla halijaanguka, mtumishi wa barabara alikuwa amefika, akaondoa vipande vya zege vilivyodondoka, akaenda zake.

Watumishi wa umma na wausome tena mstari huo wa mwisho. Alifika, akaondoa vipande, akaenda zake. Hakuwa mwovu. Alifanya kile ambacho maofisi mengi hufanya kila siku: alishughulikia dalili, akauacha ugonjwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ni ya kweli, lakini ina hatari ikifuatwa bila fikra. Ufa wa mshazari karibu na egemeo la boriti hauzibwi kwa lipu na rangi. Ufa huo ni barua ya onyo. Mkuu wa shule anayeupiga lipu ili darasa lionekane zuri siku ya ukaguzi ameichana barua hiyo kabla ya kuisoma, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Mazoea ya lenta yapanda ghorofa

Hapa ndipo penye kiini cha shauri hili. Madarasa mengi ya vijijini ni ya chini, yenye paa la mabati juu ya kenchi za mbao. Humo fundi hufunga lenta kwa nondo nne za milimita 12, mbili chini na mbili juu, pamoja na ringi chache. Lenta hiyo huvuka dirisha la mita moja na robo hivi, tena chini ya paa jepesi. Inasimama. Mwaka unapita, miaka kumi inapita, inasimama. Fundi anasadiki kwamba "nondo nne za kumi na mbili" ni kanuni ya ujenzi. Ushindi huo mdogo ndio unaompoteza.

Mijini ardhi imekuwa adimu, na shule zinapanda ghorofa. Fundi yule yule anaitwa, naye anakuja na kanuni yake ile ile. Lakini nguvu ya kupinda, kwa mzigo ule ule wa kila mita, huongezeka kwa kipeo cha pili cha urefu. Boriti ikirefuka mara mbili, nguvu ya kupinda huwa mara nne. Kutoka dirisha la mita 1.2 hadi ukumbi wa mita 6 ni mara tano. Nguvu ya kupinda huwa mara 25, na hapo bado haujahesabiwa uzito wa sakafu ya ghorofa ambao kwenye lenta haukuwapo kabisa.

Hesabu yenyewe inaweza kuandikwa ubaoni na mwalimu wa sekondari. Ichukuliwe boriti ya mita 6 inayobeba ukanda wa sakafu wenye upana wa mita 3. Sakafu ya zege ya unene wa milimita 150 ina uzito wa kilo 360 kwa kila mita ya mraba. Wanafunzi na madawati hukadiriwa kilo 300 kwa mita ya mraba. Jumla ni kilo 660, ambazo kwa upana wa mita 3 huwa kilo 1,980 kwa kila mita ya boriti. Uzito wa boriti yenyewe, yenye upana wa milimita 200 na kimo cha milimita 500 pamoja na sakafu, huongeza kilo 170 hivi. Kwa hiyo boriti nzima inabeba karibu tani 13, na kila ncha inakabidhi ukutani au kwenye nguzo tani 6 na nusu. Hiyo ndiyo nguvu ya kukata.

Nguvu ya kupinda katikati hupatikana kwa kuzidisha mzigo wa kila mita kwa kipeo cha pili cha urefu na kugawa kwa nane: ni tani-mita 9.7 hivi. Umbali kati ya mgandamizo wa juu na mvuto wa chini ni kama mita 0.4, basi nondo za chini zitavutwa kwa nguvu ya tani 24. Sasa irudiwe kanuni ya fundi. Nondo moja ya milimita 12 ya chuma kinachotumika siku hizi huanza kunyumbuka inapovutwa kwa tani 5 hadi 6. Nondo mbili za chini zitamudu tani 10 hadi 12. Zinazohitajika ni tani 24, nazo bado hazijaongezewa akiba ya usalama ambayo kila kanuni ya uhandisi duniani huidai. Boriti hiyo haina hata nusu ya nguvu inayotakiwa. Imekwisha kuanguka katika karatasi. Inangojea tu wanafunzi waingie.

Kisingizio cha gharama

Wapo wanaojitetea kwa kusema kwamba fedha hazitoshi, kwa hiyo lazima kubana. Kubana matumizi ni sera njema. Lakini na lipimwe lile linalobanwa. Ringi moja ya boriti iliyotajwa hapo juu, ya nondo ya milimita 8, ina uzito wa nusu kilo hivi. Zikipangwa kila baada ya milimita 200 zitakuwa ringi 31, kilo 16 hivi za chuma. Fundi akizitawanya kila baada ya milimita 400 zitakuwa ringi 16, kilo 8. Aliyebana ameokoa kilo 8 za chuma. Nondo moja nzima ya milimita 12, yenye urefu wa mita 12, ina kilo 10 na ushee. Basi kwa kuokoa chuma kisichofika uzito wa nondo moja, boriti yenye kubeba tani 13 imeachwa uchi mahali pake pa hatari.

Tena kuna sababu ya wazi kwa nini umbali kati ya ringi una kikomo. Ufa wa mshazari husafiri mbele kwa urefu unaokaribia kimo cha boriti. Ringi zikiwa mbali kuliko hapo, ufa hupita katikati ya ringi mbili bila kukutana na hata moja. Ndiyo maana kanuni za Kiingereza za BS 8110, ambazo wahandisi wengi wa nchi hii walifundishwa, zinakataza umbali huo kuzidi robo tatu ya kimo cha kutoka juu ya boriti hadi kwenye nondo za chini. Kwa boriti ya mfano huu kikomo ni milimita 340 hivi, hata pale ambapo mzigo ni mdogo. Mwenye kuweka 400 hakubana matumizi. Amefanya hujuma, ajue asijue.

Na pale ambapo nondo zimepungua kwa sababu zimeuzwa usiku, jina lake si kubana wala si uzembe. Ni wizi wa mali ya umma uliochanganywa na jaribio la kuua. Huko Seoul, Korea Kusini, tarehe 29 Juni 1995, duka kubwa la Sampoong liliporomoka na kuwaua watu 502. Nguzo zilikuwa zimepunguzwa unene, ghorofa ikaongezwa, na mitambo mizito ikawekwa juu. Sakafu ikatobolewa na nguzo, jambo ambalo nalo ni aina ya kukatika. Kesi iliyofuata haikuishia kwa wenye jengo tu. Watumishi wa serikali za mitaa waliopokea rushwa ili wapitishe mabadiliko yale nao walitiwa hatiani. Hakuna aliyewauliza kama walikuwa wanajua kukokotoa.

Nchi hii nayo imezika. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo lingine liliporomoka Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Kila msiba una sababu zake, na si haki kuzitaja pasipo uchunguzi. Lakini taifa lililozika mara mbili halina ruhusa ya kusema kwamba halikuonywa.

Michoro iseme Kiswahili

Lawama yote isimwangukie fundi, kwa maana fundi amenyimwa haki yake. Michoro ya majengo ya umma huletwa kwake kwa Kiingereza. Maelezo ya nondo huandikwa kwa herufi na tarakimu za mkato ambazo hakufundishwa kuzisoma. Mhandisi wa halmashauri, ambaye ana miradi mingi iliyotawanyika katika kata zilizo mbali, hufika mara moja, huonyesha kidole, hurudi kwenye gari. Kisha jengo likipata kasoro, husemwa fundi hakufuata mchoro. Angeufuataje mchoro usiozungumza naye?

Nchi iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya Serikali na ya elimu ya msingi haiwezi kushindwa kuandika "nondo 3 za milimita 20 chini, ringi za milimita 8 kila milimita 200" kwenye karatasi na kuibandika mahali pa kazi. Anayesema kwamba sayansi haiwezekani kwa Kiswahili analinda ukuta uliomzunguka yeye, wala si sayansi. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973 kwa jasho la wakulima na wafanyakazi. Mkulima yule aliyelipa ada hiyo anastahili kuelezwa kwa lugha yake kwa nini dari la mtoto wake halitaanguka.

Wajibu wa kila mmoja

Watasema wengine kwamba mwalimu si mhandisi. Ni kweli, wala hapana anayemtaka awe. Hatakiwi kukokotoa, anatakiwa kuuliza, na anatakiwa asiruhusu zege kumwagwa mpaka ajibiwe. Mchoro uko wapi, na nani aliyeutia saini? Nondo za chini ni ngapi na za unene gani, nazo zinalingana na mchoro? Ringi zimekaribiana kuelekea kwenye maegemeo? Vile vipande vidogo vya zege, ambavyo mafundi huviita biskuti, vimewekwa ili nondo zisiguse mbao? Baraza linaloning'inia lina nondo zake juu, na ni nani atakayezilinda zisikanyagwe? Maswali hayo matano hayahitaji shahada. Yanahitaji uti wa mgongo.

Mhandisi wa halmashauri naye awajibike kwa saini yake. Boriti ya ghorofa isimwagwe zege kabla hajaziona nondo kwa macho yake na kuandika kwamba ameziona. Zege likishafunika nondo, hakuna kikao kitakachozihesabu. Na viongozi wanaopanga tarehe za uzinduzi waelewe kwamba zege hukomaa kwa siku zake, si kwa ratiba ya ziara. Nguzo za mbao zinazoshikilia boriti changa zikiondolewa mapema ili darasa liwe tayari kwa mgeni, mgeni huyo anakaribishwa chini ya hatari. Kiongozi mwenye kuipenda shule ataahirisha sherehe.

Walimu wa fizikia na hisabati wana wajibu ulio mkubwa kuliko yote. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilidai kwamba shule isitengane na maisha ya jamii inayoizunguka. Ni nafasi gani bora kuliko jengo linaloinuka ndani ya uwanja wa shule yenyewe? Wanafunzi watolewe nje wakahesabu nondo, wakapima umbali wa ringi, wakakokotoa tani zinazofika ukutani, na kulinganisha na mchoro. Kijana aliyefanya hivyo kidato cha tatu hatadanganywa atakapojenga nyumba yake, wala atakapokuwa mtumishi anayetia saini nyumba za wengine.

Maadui watatu waliotajwa tangu Uhuru ni ujinga, umaskini na maradhi. Katika boriti iliyojengwa kwa kubahatisha, ujinga na umaskini hushikana mikono: ujinga hupanga nondo mahali pasipo pake, na umaskini hutolewa kama kisingizio. Dawa yake inajulikana, bei yake ni kilo chache za chuma na saa moja ya ukaguzi wa kweli. Kila mtumishi atakayesimama kesho mbele ya mbao na nondo, zege likiwa tayari kumwagwa, ashike mchoro mkononi na kuhesabu. Isipotimia hesabu, aisimamishe kazi, hata kama mgeni rasmi amekwisha kufika getini.